Alama za Joto

Msumeno wa mnyororo ukiletwa umekwama, mwenyewe huanza kwa kuvuta kamba ili watu waone inavyovutika kwa shida. Fundi mmoja wa komine ya Kampemba, mjini Lubumbashi, humzuia kwa mkono. Kama ndani kuna ringi iliyovunjika, kila mvuto wa kamba utaisukuma ikwaruze ukuta wa silinda, na silinda ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa zaidi ndani ya mashine hiyo. Kwa hiyo huupokea msumeno kwa mikono miwili, huulaza juu ya meza iliyolowa mafuta ya miaka mingi, na kabla hajashika bisibisi huuliza unafanya kazi wapi.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya kiangazi ikiwa bado haijaondoka mtaani, mwenye msumeno alikuwa kijana mpasua mbao. Alisema alikata kwanza juu, Kundelungu, kisha akashuka Bukama.

“Na kabureta ilirekebishwa lini?”

“Mwezi wa kumi, Papa. Kule juu.”

Fundi hakusema kitu. Mtu asiyejua kazi hii angedhani ni maneno ya kupokeana tu, lakini nusu ya uchunguzi ilikuwa imeshafanyika. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Uwanda wa Kundelungu unapita mita 1,600. Bukama, kando ya Lualaba, iko chini ya mita 600. Kila unapopanda mita 100, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 1. Oktoba nao ndio mwezi wa joto kali kabla ya mvua, hewa ikiwa nyepesi zaidi. Juni hewa ni baridi na nzito. Anayerekebisha kabureta mlimani wakati wa joto hubana petroli ili iendane na hewa ile hafifu. Akishuka bondeni wakati wa baridi, hewa inaingia nyingi na petroli imebaki ile ile. Mchanganyiko unakonda, moto ndani unakuwa mkali, na msumeno hauna namna ya kumwambia mtu kwamba unaungua. Kinyume chake, kwa muda mfupi unakata vizuri kuliko jana.

Alifungua kifuniko cha juu. Mapezi ya silinda, yale mabati membamba ya alumini yanayoizunguka, yalikuwa yamejaa unga wa mbao uliokandwa na mafuta ya mnyororo mpaka ukawa kitu kigumu. Msumeno hauna maji ya kuupoza. Unapozwa na upepo unaotupwa na mabawa ya gurudumu zito lililo mwisho wa mhimili, upepo ukipita katikati ya mapezi hayo na kuondoka na joto. Njia zake zikiziba, joto linabaki pale pale. Fundi alichonga kijiti cha mwanzi akaanza kuchokoa, pezi kwa pezi, kuanzia upande wa ekzosi ambako joto ni kali zaidi. Bisibisi ingefanya haraka, lakini ingechubua alumini. Kazi hiyo ilikula muda mrefu, na wateja wawili waliokuja walingoja.

Kisha akaondoa ekzosi. Tundu lililobaki wazi ni dirisha: pistoni inaonekana pale bila kuivunja mashine. Alielekeza tochi ya simu, akazungusha gurudumu kwa kidole, taratibu mno, kiasi cha upana wa ukucha kila mara. Upande wa ekzosi pistoni ilikuwa na michirizi ya wima, alumini imeyeyuka juu juu na kupakaa. Akaondoa kabureta, akachungulia upande wa pili, wa kuingizia. Huko ilikuwa safi, mistari ya mashine ya kiwandani bado inaonekana.

Haya ni maandishi kwake. Michirizi pande zote ingesema kwamba pistoni ilitanuka ghafla, labda mtu aliwasha mashine baridi na kufungua gesi yote papo hapo. Michirizi upande wa kuingizia ingemfanya ashuku vumbi lililopita kwenye kichujio cha hewa. Michirizi upande wa ekzosi peke yake husema joto la muda mrefu: petroli haikutosha, au utando wa mafuta ulishindwa, au yote mawili.

Inafaa kufikiria anachokisoma. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kidogo. Alumini huyeyuka kwenye 660. Pistoni ya alumini basi inaishi ndani ya moto unaoweza kuiyeyusha mara tatu, na inaishi kwa sababu moto huo haukai. Msumeno ukikata kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, cheche inawaka mara 150 kila sekunde, na kati ya mwako na mwako mchanganyiko mpya wa petroli na hewa unaingia ukiwa baridi. Joto lililobaki linapita kwenye ringi kwenda ukutani, na kutoka ukutani kwenda kwenye yale mapezi. Mashine ikiwa na afya, chini ya buji silinda huwa kwenye nyuzi 200 hivi. Ncha ya buji yenyewe inatakiwa ipite 450 ili iunguze masizi yake, lakini isifike karibu na 850, maana hapo itawasha petroli kabla ya cheche. Kati ya mipaka hiyo ndipo maisha yote ya msumeno yalipo. Fundi hana kipimajoto. Ana rangi, michirizi, harufu na sauti.

“Uliweka mafuta gani?”

Kijana akatoa chupa mfukoni mwa begi. “Njo haya yenye nilipata, Papa.”

Fundi hakuitazama picha ya mbele. Aliigeuza nyuma akaisogeza kwenye mwanga, akatafuta herufi ndogo. Zilikuwa TC-W3. Hayo ni mafuta ya moteri za mabwato, na Haut-Katanga yana soko lake halali: wavuvi wa Kasenga kwenye Luapula na wa Pweto kwenye ziwa Mweru wanayahitaji. Ni mafuta mazuri mahali pake. Moteri ya bwato inapozwa na maji ya ziwa au mto, kwa hiyo haichemki sana, na mafuta yake hutengenezwa bila viungo vya madini ili yasiache majivu kwenye buji. Ndani ya msumeno unaopozwa na upepo, viungo hivyo vinavyokosekana ndivyo vilivyotakiwa kusafisha mifereji ya ringi kwenye joto la juu. Vitabu vya maelekezo vya Husqvarna vinakataza waziwazi mafuta ya moteri za majini, na vinakataza pia mafuta ya injini za mipigo minne, yale ya magari.

Alipoitoa pistoni alimwonyesha kijana maana yake. Alibonyeza ringi kwa ukucha. Ringi nzima huzama na kurudi. Hii upande mmoja haikutikisika. Ilikuwa imegandishwa kwenye mfereji wake na utandu mweusi unaong’aa. Ringi iliyoganda haigusi ukuta sawasawa, na isipogusa haipeleki joto. Moto unapita pembeni yake, unaukausha utando wa mafuta, unazidi kuigandisha.

Kwenye rafu yake ana chupa za aina chache. Anachotafuta ni JASO FD au ISO-L-EGD, na zikikosekana, FC au EGC. Hizi ni daraja zilizopimwa kwa injini za mipigo miwili: moshi, masizi kwenye ekzosi, ulainishaji, na usafi wa pistoni. FB ni ya chini. FD inapita FC kwa usafi wa pistoni, na ndiyo maana anaitaka kwa watu wanaopasua mbao kutwa nzima. Rangi haina neno. Nyekundu, kijani au buluu ni rangi tu iliyotiwa ili mtu aone kwamba petroli imeshachanganywa. Kwenye chupa ngeni hukagua kwanza kama kifuniko kimewahi kufunguliwa.

Zamu ya silinda ilipofika, mkono wake ukapungua mwendo zaidi. Ukuta wa ndani wa silinda ya msumeno umepakwa nikeli au kromu ngumu, tabaka jembamba mno, na alumini ya pistoni ilikuwa imejipaka juu yake. Wengi hukimbilia msasa. Yeye alitoka nje, akasimama upepo ukimtoka mgongoni, akavaa glavu za mpira, akachovya pamba kwenye asidi ya hidrokloriki na kugusa michirizi tu. Mji huu unaijua asidi. Viwanda vyake vya shaba hutumia asidi ya salfa kwa matanki. Hapa kinachotakiwa ni matone. Asidi inakula alumini na kutoa povu, na povu ndilo linalozungumza: likikoma, alumini ya kigeni imekwisha na tabaka liko salama. Lisipokoma, maana yake tabaka limetoboka na asidi sasa inakula silinda yenyewe. Aligusa, akasubiri, akasuuza kwa maji, akakausha, akatazama. Akagusa tena. Povu likapungua, likaisha. Ndipo akapitisha msasa laini kabisa kwa kidole, mizunguko michache, akaosha kwa maji na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe.

Pistoni mpya aliipaka mafuta yale yale ya mipigo miwili, akageuza mshale wa kichwani uelekee ekzosi, akahakikisha miisho ya ringi imekaa kwenye kipini chake kidogo ndani ya mfereji. Klipu za pini ya pistoni huwa mpya daima. Kuukuu hazirudishwi hata zikionekana nzima, kwa sababu klipu ikichomoka inaharibu kila alichofanya.

Mashine sasa ilikuwa imekamilika kwa macho ya mtu wa kawaida. Mafuta mabaya yamejulikana, kabureta iliyobanwa imejulikana, pistoni ni mpya. Fundi mwenye haraka angeiwasha. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nilidhani tumefika. Yeye akafungua droo, akatoa vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akaziba tundu la ekzosi na la kuingizia, akaunganisha pampu ndogo ya mkono yenye geji. Akapampu hewa mpaka nusu ya baa. Sindano ikasimama. Akasubiri. Haikushuka. Akapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, hakuna povu.

Akageuza pampu ili ifyonze badala ya kusukuma. Sindano ikasimama kidogo, kisha ikaanza kurudi, polepole.

Mhimili wa moteri unapita kwenye sili za mpira kila upande, na mdomo wa sili kuukuu unaweza kubanwa na hewa inayotoka huku ukiachia hewa inayoingia. Na moteri ya mipigo miwili hufanya yote mawili kila mzunguko: hufyonza, kisha husukuma. Sabuni haionyeshi uvujaji wa ndani, kwa hiyo alitumia njia nyingine. Aliondoa klachi, akadondosha tone la mafuta mazito kwenye sili ya upande huo. Sindano ikaendelea kurudi. Akaondoa gurudumu la upande wa pili, akafyonza upya, akadondosha tone jingine. Sindano ikasimama kabisa.

Hapo ndipo hewa ya wizi ilikuwa inaingia, bila kupita kwenye kabureta, bila kupimwa. Mafuta ya bwato yalikuwa na hatia, na safari ya kutoka mlimani hadi bondeni ilikuwa na hatia, lakini hata mafuta bora ya dunia yasingeiokoa pistoni mpya na sili ile. Naamini huu ndio ustadi wenyewe wa kazi hii: kuwa na sababu mbili nzuri mkononi na bado kuitafuta ya tatu. Alichomoa sili, akagonga mpya kwa kipande cha bomba chenye upana sawasawa nayo, akarudia kupima pande zote mbili. Sindano ilisimama muda wote aliotaka isimame.

Kuchanganya mafuta kwake ni kazi ya duka la dawa. Ana bomba la sindano la mililita 20. Kwa bidoni la lita 5, kwa kipimo cha 50 kwa 1, ni mililita 100, yaani mabomba matano kamili. Petroli iliyonunuliwa kwa wauzaji wa barabarani, wale waitwao Kadhafi, huimimina kwanza kwenye chupa angavu na kuiacha itulie, akiangalia kama kuna maji yametuama chini. Anatia nusu ya petroli kwenye bidoni, anasukuma mafuta, anatikisa, anaongeza iliyobaki, anatikisa tena. Hachanganyi ya kukaa zaidi ya mwezi, na bidoni halikai juani.

Kijana aliomba aongezewe mafuta. “Tuweke mabomba kumi, Papa, ili ilainike muzuri.”

Fundi alimjibu bila ukali. Mabomba kumi ni 25 kwa 1. Ipo misumeno ya zamani iliyoandikiwa hivyo, na mingine bado iko kazini, kama Stihl 070 ile nzito ya sentimita za ujazo 106 ambayo imepasua mbao nyingi katika misitu ya Afrika. Lakini kwa mafuta ya daraja la leo, nyongeza hiyo haileti ulinzi unaodhaniwa. Kile kinachopita kwenye tundu dogo la kabureta ni kiasi kile kile. Mafuta yakiwa mengi, petroli ndani yake imepungua, na mchanganyiko unakonda, yaani unazidi joto badala ya kupungua. Ziada isiyoungua inakuwa masizi kwenye ekzosi na kwenye mifereji ya ringi. Mtu anayetaka usalama anaupata kwenye skrubu ya kabureta, akiwa amepima mafuta yake kwa uaminifu.

Msumeno uliwaka kwa mvuto wa nne. Aliuacha upate moto kwanza, akipandisha na kushusha gesi kwa upole, mnyororo ukiwa umekazwa. Skrubu ni tatu: L ya mwendo mdogo, H ya mwendo mkubwa, na LA ya kusawazisha mashine ikiwa imetulia. Alianza na L, akatafuta pale ambapo moteri inapokea gesi bila kusita. Kisha LA, mpaka mnyororo ukasimama wenyewe. H aliiacha mwisho.

Kwa H hutumia sikio. Gesi ikifunguliwa yote bila mti, moteri yenye petroli ya kutosha haipigi mlio laini. Inagugumia, kama inayoruka pigo moja moja. Mlio mwembamba, safi, unaopanda juu, ndio unaowapendeza vijana, na ndio unaoua pistoni. Alifungua gesi kwa sekunde chache, akaachia, akageuza skrubu kiasi cha moja ya nane ya mzunguko kuelekea nje, akafungua tena. Akaachia. Akageuza tena, pungufu ya hapo. Nilianza kuusikia mgugumio aliokuwa akiusikia yeye zamani. Kisha akaongeza kidogo zaidi ya hapo, kwa sababu msumeno huu unarudi bondeni, ambako hewa ni nzito.

Jaribio lilifanyika kwenye gogo la mubanga lililowekwa nyuma ya karakana kwa kazi hiyo. Mubanga ni mti mgumu kati ya miti migumu ya miombo. Kabla ya kukata alinoa mnyororo kwa tupa ya duara, jino kwa jino, mipigo sawa kwa kila moja, maana mnyororo butu humlazimisha mtu kukandamiza, na kukandamiza ni joto. Kata ya kwanza ilitupa vipande vya mbao, si unga. Mgugumio ulipotea mara tu meno yalipozama, moteri ikashika sauti moja nzito iliyonyooka. Alipoinua, mgugumio ukarudi. Hiyo ndiyo dalili aliyoisubiri tangu asubuhi, na uso wake haukubadilika.

Hakuzima papo hapo. Aliuacha msumeno uzunguke taratibu kwa muda, upepo wa gurudumu uondoe joto lililobaki kwenye silinda. Ukizimwa ungali wa moto sana, upepo unakufa na joto linapanda pale lilipo. Baadaye akafungua buji. Kauri yake ilikuwa ya kahawia iliyofifia. Nyeupe ingemrudisha kwenye H, nyeusi yenye unyevu pia ingemrudisha. Akapima nafasi ya cheche, nusu milimita, akairudisha.

Ninajua msumeno huu unakwenda wapi. Misitu inayozunguka mji huu imekatwa sana, kwa makaa na kwa mbao, na mukula, ule mti mwekundu, ulivunwa kwa ajili ya soko la China mpaka ukaingizwa kwenye orodha ya CITES mwaka 2019. Hilo linaniuma. Lakini mtu aliyenyamaza kutwa nzima mbele ya geji ndogo, akisubiri sindano imwambie ukweli, ana heshima yake, na niliona ni haki kuiandika.

Kijana alilipa. Fundi akaandika kwa wino mzito kwenye bidoni: 5 L, 100. Akamwambia tangi chache za kwanza asifungue gesi yote kwa muda mrefu bila mti, achokoe mapezi kila jioni, na akipanda tena Kundelungu na mtu akaigusa skrubu ya H, apite kwanza hapa kabla ya kushuka bondeni.

Chupa ya mafuta ya bwato ilikuwa bado nusu. Kijana alitaka kuyamwaga kwenye mtaro. Fundi akaichukua, akafunga kifuniko, akaandika “Kasenga” ubavuni na kuiweka kwenye rafu ya chini, kwa mteja wake mmoja mwenye bwato anayepita kila mwisho wa mwezi.